Mfalme Ndani ya Mahindi

Msinicheke kabla sijamaliza. Babu aliniachia shilingi chache za enzi ya ukoloni, zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, na hakuna aliyefika kwetu Kitengela nisimwonyeshe. Mvua za El Nino zilipoanza kuvuja paani, niliogopa sarafu hizo zitaota kutu. Tena nilikuwa nimesoma kwamba sarafu zikigusana hukwaruzana. Basi nikazizamisha moja moja ndani ya gunia la mahindi makavu ya Mama, wala sikumwambia mtu.

Jumamosi moja nilipita kwenye posho mill nikakuta mashine imenyamaza na foleni imenuna.

"Kuna mtu ameleta chuma kwa mahindi," mama mmoja akaniambia. "Sasa watoto watakula nini?"

"Watu wengine hawana heshima," nikasema kwa sauti, ili wote wanisikie. "Huyo alipie mashine, tena mbele yetu."

Mzee mwenye mashine akatoka, nyusi zimejaa unga. Nyuma yake alisimama Mama, ameshika debe tupu. Yule mzee akafungua kiganja. Shilingi ilikuwa imepinda katikati.

"Mutua," akauliza kwa upole, "huyu mfalme si ndiye ulituonyesha Krismasi?"