Gauni la Mwisho Kwenye Mstari

Mimi ni mbishi, na kazi ya kamera imenizidishia. Mtu akiniambia picha imetoka vibaya, kitu cha kwanza kinachonijia mdomoni ni kumuuliza anaiangalia kwa simu ya aina gani. Ndiyo maana yule mama aliponipigia kutoka Usoke na kusema nimemharibia jina, nilianza kujitetea kabla hata salamu hazijaisha.

"Shikamoo, shangazi. Mbona wote wanasema picha zimetoka vizuri?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa wenzangu zimetoka vizuri. Mimi umenivalisha gauni ambalo sina."

Nilimwita shangazi kwa sababu harusini kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa shangazi wa bwana harusi, dada wa baba yake, na wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nimetoka Tabora na begi langu kwenda kwao kupiga picha za sherehe. Waliifanyia ndani ya ghala la familia la tumbaku. Walikuwa wamelifagia wakatundika vitambaa upande waliokaa maharusi, lakini ghala ni ghala. Halina madirisha ya maana, na harufu ya tumbaku haiondoki kwa ufagio. Kwa hiyo hata mchana ule walikuwa wamewasha balbu za zamani, zile za njano, kuanzia mlango wa nyuma hadi katikati.

Shangazi alikuwa msimamizi wa chakula, nje ya mlango huo wa nyuma, na kwa muda mrefu sikumwona. Ulipofika wakati wa kutoa zawadi, wanawake wa ukoo waliingia kwa mstari wakicheza, wote wamevaa sare ya rangi ya maziwa. Yeye alikuwa wa mwisho, ametoka mbio kwenye masufuria, bado anajifuta mikono. Nilisimama mbele nikaipiga picha ile kwa flashi, na nikaacha shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, ichelewe kidogo kufunga ili nyuma kusiwe giza. Niliipenda picha ile kuliko zote za siku hiyo.

Sasa, kamera haijui nyeupe ni ipi. Lazima uiambie, na kuiambia huko ndiko wapiga picha tunakoita waiti balansi. Flashi ina mwanga unaofanana na wa mchana, balbu ya zamani ina mwanga wa njano. Jicho la mtu huuzoea unjano huo mara moja, kamera haiuzoei mpaka uigeuzie kitufe. Mimi niliiweka kwenye alama ya flashi, na kwa wanawake wa mbele ilikuwa sawa kabisa. Lakini flashi yangu haikufika mwisho wa mstari. Kule nyuma kulikuwa na balbu peke yake, na gauni la shangazi likatoka njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Dawa yake naijua. Unafunika flashi kwa kipande cha nailoni ya rangi ya chungwa ili nayo itoe mwanga wa njano kama balbu, kisha unaiambia kamera kwamba mwanga wote humu ni wa balbu, na mstari mzima unatoka rangi moja. Kipande hicho nilikuwa nacho. Alinikatia mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya harusi hapa mjini, kutoka kwenye ile nailoni wanayofungia vikapu vya zawadi. Siku hiyo kilikuwa ndani ya begi, nami nilijiona fundi mno kukihangaikia.

"Basi hilo ni jambo la rangi tu," nikamwambia kwenye simu. "Nitairekebisha kwenye kompyuta leo leo."

"Hujaelewa," akasema, na akanieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia na sasa amebaki na maelezo tu.

Kaka yake, baba wa bwana harusi, hakuwa harusini. Siku chache kabla ya sherehe aliteleza kwenye ngazi ya bani la kukaushia tumbaku, akavunjika mguu na kulazwa hospitali ya Kitete, hapa Tabora. Harusi ya mwanawe aliiona kwenye simu tu, kwenye grupu la familia. Na kabla ya kuanguka, kaka na dada walikuwa wamegombana juu ya sare. Dada alitaka njano. Kaka alitaka rangi ya maziwa, akasema neno lake ndilo la mwisho, dada akakubali mbele ya watu wote. Halafu inaingia picha yangu: wanawake wote rangi ya maziwa, dada mtu peke yake njano, anacheza na kucheka. Kaka aliona amesubiriwa avunjike mguu ndipo adharauliwe.

Watu watatu walimwambia kaka mtu kwamba dada yake alivaa sare kama wenzake. Akasema wanamfichia. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya dada yake.

Niliona aibu. Jioni hiyohiyo nikapunguza unjano kwenye kompyuta nikamtumia mzee mwenyewe, kaka wa shangazi, picha mpya, na hapo ndipo nilipotia mafuta kwenye moto. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa utulivu kabisa: "Asante, mwanangu. Ya kwanza ilikuwa picha. Hii mmeipaka."

Shangazi akaja Tabora na gauni kwenye mfuko. Alifikia kwangu, njia ya Kwihara, akanawa uso, akalivaa, akasimama sebuleni nimwone. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lina vidoa viwili vya mchuzi karibu na kiuno, ushahidi tosha wa mahali alipokuwa siku ile.

"Atasema nimeshona jingine," akasema.

"Atasema," nikakubali, maana mbishi humjua mbishi mwenzake. Nikachukua kamera na flashi, tukaenda saa ya kuona wagonjwa.

Tulimkuta nje ya wodi, kwenye kivuli cha baraza, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa mbele ukiwa ndani ya hogo, lile gamba gumu la plasta, jeupe kama chokaa. Shangazi akamsalimia kwa Kinyamwezi. Yeye akamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri cha kumjibia mgeni aliyekuja kuuliza njia. Nilimwona mama wa watu akiufungua na kuufunga mkono, hajui auweke wapi. Kisha mzee akalitazama gauni kwa muda mfupi.

"Limependeza," akasema. "Mmeshona lini?"

Muuguzi alikuwa ameniruhusu kupiga picha mradi wagonjwa wengine wasiingie kwenye picha. Nikaiweka kamera kwenye alama ya balbu, makusudi kabisa, nikainama nikapiga mguu wa mzee kwa flashi. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Hogo lilikuwa la bluu, bluu ya shati la shule ya binafsi, na vidole vilivyotokeza mbele vilikuwa vya bluu vilevile.

Akautazama mguu wake. Akatazama kioo. Akautazama mguu tena.

"Umepaka," akasema.

"Nimepaka saa ngapi, mzee? Kamera haijatoka mkononi. Piga mwenyewe."

Nikampa. Akapiga mara moja, akapiga mara ya pili kwa karibu zaidi, na mara zote mbili mguu ukatoka bluu. Nikamweleza, kwa kifupi kuliko nilivyozoea, kwamba kamera inaamini inachoambiwa. Sasa hivi nimeidanganya kuwa mwanga huu ni wa balbu, ndiyo maana inautoa mguu bluu. Ghalani niliiambia mwanga ni wa flashi, na pale aliposimama dada yake kulikuwa na balbu tu. "Kosa ni langu," nikasema. "Yeye alivaa ulichosema avae."

Kusema vile kulinigharimu, nakiri. Sina kawaida.

Mzee aliishusha kamera mapajani. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na nikachelewa kutambua kwamba anacheka. Alitoa simu yake mfukoni akaipiga picha ile picha ya kwenye kioo, akaituma kwenye grupu la familia na sauti yake mwenyewe: "Jamani, nani kanivalisha mguu wa bluu? Nyie watatu mlisema kweli. Dada yangu alivaa sare. Mimi ndiye niliyekataa kusikia."

Simu ya shangazi ikalia ndani ya mkoba. Aliitoa, akasikiliza akiwa ametupa mgongo, na hakugeuka haraka.

Nikasema niwapige moja ya ukweli. Ili kamera isibahatishe, unahitaji kitu cheupe cha kuipimia, kadi au karatasi, uipige kwanza kwa mwanga uleule na kuiambia hii ndiyo nyeupe yako. Karatasi sikuwa nayo. Nikapima kwa hogo. Niliujaza mguu wa mzee kwenye picha nzima, flashi ikawaka, kamera ikakubali, na tangu hapo sijapata kipimo kilichonifurahisha kama kile.

Shangazi, kwa mazoea yake, alikwenda kusimama nyuma ya kiti, kule ukutani, nusu uso umefichwa na bega la kaka yake. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie asogee, flashi haitamfikia. Mzee akaniwahi. Alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaupata mkono wake, na akamwambia kwa Kinyamwezi, maneno ambayo hata mimi niliyeizoea lugha hiyo kwa kusikia tu niliyaelewa: asikae huko nyuma, aje mbele.

Akaja.