Vibogoyo vya Fundi Meno

Mtaani walimwita Kibogoyo, na jina lilikuwa la utani mtupu, kwa sababu meno yake yote yalikuwapo kinywani, meupe, yamejipanga kama askari wa gwaride. Kazi ndiyo iliyomletea jina hilo. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Aliyeng'olewa, aliyevunjwa na aliyezeeka, wote waliishia kwenye kiti chake, wakauma nta, wakarudi baadaye kuchukua tabasamu jipya. "Nenda kwa Kibogoyo akupe meno," watu walisema, na asiyejua alidhani anachezewa shere.

Akitoka kazini alikuwa mtu wa dungusi, ile mimea minene ya jangwani inayojiwekea akiba ya maji tumboni. Kibaraza cha nyumba yake, ghorofa ya pili, kilijaa dungusi za kila namna, zenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Hayo yalikuwa kabla binti yake hajarudi kukaa nyumbani na mtoto mchanga, mumewe akiwa amepata kazi ya mbali. Mtoto alipoanza kutambaa, siku moja alirudi kutoka kibarazani na miiba kwenye kiganja, analia hadi kukaukiwa na sauti. Binti aliitoa miiba mmoja mmoja kwa kikoleo, kisha akamtazama baba yake.

"Baba, chagua. Miiba au mjukuu."

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeulizwa swali hilo mara mbili. Fundi aligawa dungusi zake zote, kibaraza kikabaki kitupu kama ukumbi baada ya harusi. Lakini mazoea yana tabu. Jioni alikuwa anakwenda kusimama pale, mikono nyuma, akitazama vigae. Mkewe, aliyekuwa akishona mapazia hapo nyumbani, alimwonea huruma. "Baba watoto, hakuna dungusi zisizochoma?"

Zilikuwapo. Akaanza kuzitafuta, akaulizia kwa wakuzaji wenzake, akabadilishana mbegu kwa mbegu. Akapata ile yenye mbavu tano, ambayo ukiitazama kutoka juu unaona nyota kamili, kama imekatwa kwa mkasi. Akapata nyingine bapa kama kitufe kikubwa cha koti, mbavu nane, na juu ya kila ubavu mstari wa vidoa vya pamba. Wakuzaji huziita zote nyota, na zote ni laini, hata ukizishika gizani hazikufanyi kitu. Alizisafisha vumbi kwa mswaki mkuukuu, na kwa kuwa hazikuwa na mwiba hata mmoja, aliziita vibogoyo vyake.

"Zina sumu?" binti aliuliza siku ya kwanza.

"Hazina sumu, hazina mwiba. Paka wa jirani ana hatari kuliko hizi."

Na siku ile alisema kweli.

Mambo yaligeuka alipokuja rafiki yake dereva wa malori, mtu aliyezoea kumletea mimea kutoka alikopita. Safari hii alimletea dungusi isiyo na jina, ndogo, imenyauka kwa safari, rangi ya kijani iliyoingia ubuluu. Haikuwa na mwiba. Ilikuwa na vishungi vichache vya manyoya, basi. Fundi aliigeuzageuza mkononi. Huenda ilikuwa nyota isiyo na vidoa, aina adimu ambayo wakuzaji huitafuta kwa udi na uvumba. Na huenda ilikuwa ile nyingine.

Ile nyingine aliwahi kuonywa habari zake. Inafanana na nyota kama pacha, lakini nyama yake ni chungu, na anayeila hutapika, moyo humwenda mbio, na akili humruka akaanza kuona visivyokuwapo. Kutofautisha ni rahisi zikichanua: nyota hutoa ua la njano lenye koo jekundu, na ile nyingine hutoa ua la waridi lililopauka. Fundi akajiambia atasubiri ua. Akaipanda kwenye chungu, akaiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya zile nyingine, akaiita Mgeni. Hakumwambia mtu. Angewaambia nini? Kwamba ana wasiwasi na mmea usiozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa? Ingekuwa kesi nyumbani bure.

Mjukuu alikua, akasimama, akatembea. Tangu alipojua kutamka hakunyamaza, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alisemesha viatu, alisemesha mlango, aliisemesha cherehani ya bibi yake.

Mchana mmoja fundi alikuwa na mteja kitini, kinywa cha mteja kimejaa udongo wa kupimia ufizi, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mkewe, imepanda juu.

"Njoo! Mtoto amekula mimea yako!"

"Mimea gani? Upi?"

"Nitajuaje mimi? Njoo!"

Fundi aliuchomoa udongo kinywani mwa mteja kabla haujashika vizuri. "Nisamehe ndugu yangu, ni mjukuu wangu." Mteja, ufizi mtupu, udongo umemganda kwenye mdomo, akampungia mkono aende.

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili. Alikimbia na koti lake la kazi, vumbi la plasta likimtoka kama moshi. Njiani alikuwa anaomba iwe nyota, iwe nyota, iwe nyota. Alipofika kibarazani aliona kigoda cha kushonea kimesogezwa chini ya rafu. Vyungu viwili vimeanguka. Nyota ya mbavu tano ilikuwa nzima, imelala ubavu. Mgeni alikuwa chini, mizizi nje, na upande wake mmoja haupo. Umeng'olewa.

Mkewe alikuwa amempakata mtoto, anamfuta kinywa kwa kitambaa. Kidevu cha Chiriku kilikuwa kijani, ute unamtiririka. Na alikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomkata fundi maini.

"Nilikuwa namalizia pindo," mkewe alisema. "Pindo moja tu. Nikasikia haongei, nikajua kuna jambo. Kinywani nimetazama, hakuna kitu. Si ulisema hazina sumu?"

Fundi alikwisha piga magoti, ameushika Mgeni, anatazama palipoumwa. Meno aliyajua kama mtu anavyojua mwandiko wa mwanawe. Mkato wa juu ulikuwa na mfereji katikati, mahali jino la mbele la Chiriku lilipomeguka alipoanguka ngazini. Alikuwa ameuma, akang'ata tena, akavuta. Kipande chenye ukubwa wa nusu dole gumba kilikuwa hakionekani.

"Kitafute," alisema. "Chini ya kochi, ndani ya mapazia, kila mahali. Ukikipata kilete hospitali. Mpigie mama yake."

"Baba watoto, mbona unanitisha?"

"Kitafute, mke wangu."

Akaufunga Mgeni kwenye leso, akamchukua mtoto, akashuka ngazi mbilimbili. Teksi ya kwanza iliyosimama aliingia bila kuuliza bei. Kabla hawajafika njia kuu Chiriku alimtapikia kifuani. Dereva alitazama kwenye kioo, akafungua mdomo kulalamikia kiti chake, akauona uso wa babu, akaufunga. Akakanyaga mafuta.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na papara. Alimlaza mtoto, akammulika machoni, akamgusa shingoni. Wakati huohuo mlango ukafunguka, binti akaingia mbio kutoka kazini, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimekatika.

"Mwanangu ana nini?"

"Amekula mmea," daktari alisema. "Mzee, ni mmea gani?"

Fundi alifungua leso, akauweka Mgeni mezani. Binti aliutazama, mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Aa, ni zile dungusi za Baba. Hazina madhara, Daktari. Baba mwenyewe alisema."

Fundi alikuwa na jibu jepesi ulimini: ni nyota tu, ni nyota isiyo na vidoa. Pengine lilikuwa la kweli. Angelitamka, binti yake angeendelea kumtazama vile alivyokuwa akimtazama wakati huo. Lakini mficha uchi hazai. Alimtazama Chiriku, akaona mboni za macho yake zimepanuka, zimekuwa nyeusi tupu.

"Daktari, huu siujui. Nilipewa bila jina. Kuna mmea unaofanana nao, unapandisha mapigo ya moyo na kuchanganya akili. Nina shaka ndio huo."

Binti aligeuka polepole. "Unasemaje?"

"Sikuwa na hakika, mama. Nilikuwa nasubiri utoe ua."

"Ulikuwa na shaka," binti alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko kilio. "Ukawa na shaka, na ukauweka nyumbani kwa mwanangu. Ukasubiri ua."

"Mtagombana nje," daktari alisema, si kwa ukali. "Mzee, umefanya vizuri kusema. Sasa najua la kuangalia."

Akaita muuguzi. Wakambandika mtoto nyaya kifuani, zikaunganishwa na mashine yenye kioo, na namba ikaanza kucheza pale. Fundi hakujua namba nzuri ni ipi, lakini alijua kupanda na kushuka, na namba ile ilikuwa inapanda. Chiriku alianza kutupatupa miguu. Alikodolea macho kona ya dari, mahali pasipo na kitu, akanyoosha mkono kama anayedaka nzi, akacheka kicheko kifupi kisichofanana na chake. Binti akamshika mkono ule, akaubusu, akaushusha. Ukainuka tena.

"Anaona nini?" binti aliuliza.

Daktari alikuwa akiingia, anatazama namba, anamgusa mtoto paji la uso, anatoka. Kila alipotoka chumba kilizidi kuwa kidogo. Fundi alisimama ukutani, matapishi yamemkaukia kifuani, hakuthubutu kusogea kitandani. Alisogea mara moja, hatua moja tu. Binti akasema bila kugeuka, "Kaa hukohuko."

Akakaa hukohuko.

Mkewe alipofika alikuwa anahema kama aliyefukuzwa. Hakusalimu. Alifungua kiganja: ndani yake mlikuwa na kipande cha kijani, kimegandwa na nyuzi na vumbi. "Kilikuwa ndani ya sanduku la vifungo. Alikitema, akakificha humo. Nimepekua nyumba nzima kama mwizi."

Fundi alikipokea kwa vidole viwili. Mikono yake ikatulia yenyewe, kwa sababu hii sasa ilikuwa kazi aliyoizoea. Alikifuta, akakigeuza, akatafuta alama ya lile jino lililomeguka, akakishusha taratibu mahali pake kwenye mwili wa Mgeni. Kikakaa. Kingo zikakutana kama meno ya juu na ya chini. Palibaki pengo dogo pembeni, kama ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Daktari aliinama karibu, akatazama kwa muda.

"Kwa hiyo alichomeza ni hiki kidogo kinachokosekana tu," alisema. "Na sehemu yake ametapika. Hiyo ni habari nzuri. Lakini naye ni mdogo, kwa hiyo bado tunasubiri."

Wakasubiri. Bibi alishika miguu ya mjukuu, mama akashika mikono, babu akashika ukuta. Namba ilipanda kidogo tena, ikaganda hapo kwa muda ambao fundi aliuona kama mwaka wa njaa. Kisha ikaanza kushuka. Ikishuka moja, inapanda moja, inashuka mbili. Miguu ya Chiriku ikatulia. Alilala, akaamka, akatazama nyuso zilizomwinamia, akakunja uso wake.

"Chungu," alisema. "Chungu, Mama. Hapana tamu. Maji. Wapi kiatu? Mama kiatu moja!"

Na hakunyamaza tena. Binti akaangua kilio, akaegemeza kichwa kitandani, mama yake akamshika mgongo. Fundi alitoka nje ya chumba, akakaa kwenye benchi la ukumbini, akajifunika uso kwa viganja vyenye plasta.

Mgeni alibaki hospitali. Daktari aliupeleka kwa wataalamu wa mimea chuoni, na baadaye akapiga simu: ndio wenyewe, ule mchungu. Fundi alimweleza mkewe, mkewe akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Ungesema ni nyota," alisema, "leo tungekuwa tunazungumza maneno gani?"

Binti hakumtukana baba yake wala hakuhama. Alifanya jambo gumu zaidi: alimwekea chakula mezani kama kawaida, akamwamkia kama kawaida, na hakumwachia mtoto hata dakika moja. Chiriku akimkimbilia babu yake, mkono wa mama ulimfuata nyuma, umemshika gauni. Fundi hakujitetea. Alibeba vyungu vyote, safari kwa safari, akavipeleka kwenye karakana yake, dirisha la mashariki. Kila mmea ambao hakuujua kwa jina aliutia motoni, hata mmoja aliokuwa ameusubiri tangu ukiwa mbegu. Vilivyobaki akavijengea kizimba cha wavu wa chuma chenye mlango na kufuli. Wateja walikaa kitini wameuma nta, hawawezi kusema, wakitazama nyota za kijani nyuma ya wavu.

Siku moja, karakana ikiwa tupu, binti aliingia peke yake. Hakuwa amewahi kufika tangu siku ile. Alisimama mbele ya kizimba muda mrefu. Nyota moja ilikuwa imechanua, ua la njano lililo pana kuliko mmea wenyewe.

"Hizi zote unazijua?" aliuliza.

"Zote."

"Kwa hakika au kwa kusubiri?"

"Kwa hakika, mwanangu. Isiyojulikana haingii humu."

Binti alinyoosha mkono, akaishika kufuli. Akaivuta kwa nguvu, akaivuta tena, wavu wote ukatikisika.

"Imeshika," alisema.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akamwuliza baba yake kama ana maji ya kunywa.