Upele wa Jua

Harufu ya baruti ilitufikia mtaani kwetu Musonoi kila mchana, baada ya king'ora na mtetemo wa ardhi, ikiwa imechanganyika na vumbi lililotua juu ya bukari kabla hatujakata tonge la kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa baruti mgodini: alipanga matundu, akayajaza, akarudi nyuma kutazama mwamba ukianguka. Ninaanza na harufu hiyo kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo nguoni siku aliyomtoa jirani yetu afukuzwe, na hadi leo ikinigusa pua, hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi.

Jirani huyo alikuwa Mama Ngalula, mwalimu wangu wa darasa la tano. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuiona. Kwenye redio yake ya masafa mafupi alisikia kwamba kuna chombo kilichorushwa mbali sana na dunia, kimeipita hata sayari kubwa kuliko zote, na kutoka huko kinapima milipuko ya jua. Tangu siku hiyo hakutupa pumziko. Alimwomba baba darubini, naye akamletea moja iliyotupwa mgodini, imepasuka jicho moja. Tuliifunga dirishani kwake kwa waya, mwanga ukapita ukaangukia karatasi, na hapo jua likajichora lenyewe: duara jeupe lenye madoa meusi. Baba aliinama, akalitazama kwa muda, akacheka. "Kumbe jua nalo lina upele."

Kiangazi chote tulichora. Mkono wangu ulikuwa mtulivu, hivyo daftari likawa langu: duara, madoa, tarehe, saa. Jua hujizungusha polepole, na kila doa lilisogea siku hadi siku mpaka likapotea ukingoni, nami nikahuzunika kana kwamba nimefiwa. Mama Ngalula alinitania kwamba nitalivalia nguo nyeusi, kisha akanishika kichwa. "Siye tunaona upande moja tu, mutoto wangu. Ule mwingine, iko mwenye anauangalia." Pembeni mwa mchoro akaandika: zamu ya chombo. Kuna michana redio ilizimika ghafla, sauti za mbali zikazama zote kwa pamoja, na wakati majirani wakiigonga gonga redio zao, yeye alikimbilia kalamu aandike saa. Jua limelipuka, alisema, na huenda chombo nacho kimeliona.

Kisha mikutano ya uwanjani ikaanza kutufundisha nani ni wa hapa na nani arudi kwao Kasai. Watu waliokula naye Krismasi wakajifunza upesi. Alasiri moja, baba akiwa ndiyo kwanza anatoka kazini, vijana wa mikutano hiyo waliingia kwa Mama Ngalula, wakatoa nje redio, darubini na daftari langu. Labda mji mwingine wangeona michoro ya mtoto tu. Kwetu, duara ni shimo la mgodi, nukta ni matundu ya baruti, na saa iliyoandikwa kando ni saa ya kulipua. Wakasema mwalimu anapanga kuuangusha mgodi. Mmoja wao alisita, akataka aulizwe mjuzi, na nyuso zote zikamgeukia baba. "Tata, wewe uko mutu ya baruti. Hii ni plan ya mine ao hapana?"

Mama Ngalula hakulia. Alimtazama tu, akasema kwa upole, "Tata, hii kitabu unaijua." Nami nikapenya katikati yao. "Ni jua. Ni mi njo nilichora." Baba alinibana bega nikanyamaza. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba matundu ya baruti hupangwa kwa mistari, kama mahindi shambani. Alikuwa amenionyesha mwenyewe kwa punje za maharage mezani. Ulimi hauna mfupa.

"Inafanana," alisema.

Kabla jua halijatua, Mama Ngalula alikuwa njiani kwenda stesheni, na furushi moja kichwani. Huko watu walilala kwenye changarawe majuma kwa majuma wakingoja treni, watoto wakiharisha na kuzikwa kando ya reli. Kama alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, sijui. Sisi tulipewa nyumba yake. Nililala chini ya dirisha lile lile, waya ungali umefungwa, na baba akasema tushukuru Mungu.

Leo vyombo vinavyolizunguka jua ni vingi, na picha zao zinafika kwenye simu yangu. Huenda nyaya za simu hiyo zina shaba ya mgodi wetu. Doa likizaliwa mgongoni mwa jua, dunia inaarifiwa. Stesheni ya Kolwezi haikuwa mgongoni mwa kitu chochote. Ilikuwa mwendo wa miguu kutoka misa ya Jumapili, na tulisema hatukuona. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwetu kilinuka baruti.

Mwaka huu nilimpelekea baba picha mojawapo. Ni mzee sasa, anaishi bado katika nyumba ile. Nikamwekea simu mkononi, nikamuuliza swali lile lile la vijana: hii ni plan ya mine, ao hapana? Aliitazama mpaka kioo kikazimika. Nikakiwasha tena.

"Ni jua," alisema. "Lina upele."

Kikazimika tena. Safari hii sikukiwasha.