Kivuli Kwenye Machimbo

Jumamosi niliwapeleka wanangu kutembea kwenye bustani ya msitu na kinamasi, ng'ambo ya daraja. Mbele yetu alikuwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, Kuze, pamoja na wajukuu zake. Walipofika penye matete akasimama, akaugusa mti wa mvinje kwa kiganja.

"Hapa palikuwa machimbo," akawaambia. "Babu yenu akivunja mawe, nami nikimletea wali adhuhuri. Tukila juani. Mti haukuwako hata mmoja."

"Twende, bibi, kiboko yuko kule mbele!"

"Nendeni, wanangu. Mimi nimefika."

Akaketi kivulini, kisha akasogea kando kidogo, kama anayemwachia mtu nafasi. Tukapita tukinyata, hata hawa wangu, ambao hawatulii hata wakilala.