Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Hata leo nikipita Bungoma huwa navuta kofia mpaka kwenye nyusi, na mtu akiniuliza kwa nini namwambia ni jua, lakini nyinyi nitawaambia ukweli kwa sababu mnanijua na mtacheka tu, nifiche nisifiche. Nilipigwa pale mbele ya ukumbi mzima. Kupigwa si aibu, mchezaji hupigwa. Aibu ni mahali nilipoangukia.

Wakati huo, miaka ya elfu mbili na kitu, nilikuwa kijana wa pale Kwanza, nje ya Kitale, mtoto wa watu wa Nyeri waliokuja kulima mahindi, mchana napakia magunia kwenye stoo moja Kitale mjini, jioni nafanya mazoezi kwa kocha wetu Juma, fundi wa magari mwenye gereji karibu na msikiti. Mchezo wenyewe ni ule wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, na kwetu wengi walikuwa wameuona kwenye video tu wakadhani ni fujo. Juma ndiye alinifunza kwamba si fujo, ni kujua usimame wapi. Alikuwa anachora na chaki kwenye sakafu ya gereji: hapa ni mbali, mguu unafika lakini ngumi haifiki, hapa ni katikati, ngumi inafika, na hapa ni karibu, watu wanashikana.

"Wewe ni mrefu," aliniambia. "Nyumbani kwako ni mbali. Mtu akikuingia karibu umekwisha."

Sasa nikapata pambano Bungoma, na mpinzani alikuwa Wekesa wa Malakisi, mfupi, mpana, kazi yake kubeba marobota ya tumbaku na raha yake kuwaangusha watu chini kwenye mieleka. Mpango wa Juma ulikuwa rahisi hata mimi niliuelewa: mpige mateke ya paja, akiinama kukushika rudi nyuma, zunguka kushoto, usisimame kwenye kamba, na ulingo wote uutumie, maana ulingo ndio shamba lako.

Shida ni kwamba siku hiyo mimi sikuwa napigania ushindi tu. Nilikuwa nataka kumwoa Nanjala, msichana wa huko huko Malakisi, na mama yake alikuwa hajakubali. Alikuwa amesikia kwamba kazi yangu ya jioni ni kupigwa na watu, akasema mtoto wake haendi kwa mtu wa namna hiyo mpaka amwone kwa macho yake. Wazee wetu walikuwa waende kuongea Jumamosi iliyofuata, na bila neno la huyo mama wangeenda kunywa chai na kurudi. Kwa hivyo nikamwambia Barasa, ndugu yake Nanjala, amlete mama, na (hapa ndipo nilijichimbia shimo) nikamwambia amkalishe kiti cha mbele kabisa, kando ya kona yangu, aone vizuri.

Kwetu mama mkwe unamsalimia na mkono, unakunywa chai yake, mnacheka. Sikujua la zaidi. Ni asubuhi ya pambano, tukifunga bandeji za mikono, ndipo Simiyu, Mbukusu kama kina Nanjala, tuliyekuwa tukifanya mazoezi naye, aliniuliza ni nani amealikwa, nikamwambia kwa maringo kabisa, akaacha bandeji.

"Mama mkwe? Na utakuwa kifua wazi?"

"Si ndiyo mchezo, bana."

"Sikia. Kwetu mama mkwe hapewi mkono. Humkaribii, humtazami usoni. Na ukimgusa hiyo ni kesi, ni mbuzi, na pengine mke huna."

Nikamwambia si bado sijaoa. Akasema ndiyo mbaya zaidi.

Nilichungulia ukumbini, na mama alikuwa ameshakaa, leso mbili, kitambaa kichwani, mkoba kwenye mapaja, amenyooka. Kumwambia ahame ilikuwa ni matusi. Basi nikafanya uamuzi wangu wa pili, nikavaa tishati, tena kubwa, ya Simiyu. Juma akalivuta pindo lake.

"Vua hiyo. Unampa Wekesa mahali pa kushika."

"Kocha, mama mkwe yuko hapo."

"Mama mkwe hatakushika. Wekesa atakushika."

Sikuvua. Mwanzoni sikuona kosa, kwa sababu raundi ya kwanza nilianzia ule upande mwingine na mambo yakaenda vile tulivyochora. Wekesa anaingia, namtia teke la paja, anasimama. Anaingia tena, ngumi ndefu ya mkono wa kushoto inamkuta njiani. Watu wa Bungoma walianza kumwambia Wekesa arudi kwa tumbaku yake, nami nikaanza kujiona nimeshaoa. Kisha nikazunguka kushoto, vile nilivyofundishwa, na kushoto ndiko kulikokuwa na kona yangu, na kwenye kona ndiko kulikokuwa na mama. Nikaona leso, nikageuka. Nikazunguka tena, nikaona leso, nikageuka tena.

Kengele ilipolia Juma akaweka kigoda kwenye kona yetu na mimi nikabaki nimesimama ule upande mwingine, mikono kiunoni, naangalia dari. Ilibidi mzee wa watu abebe kigoda na chupa ya maji azunguke ulingo wote anifuate, na watu wakacheka.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Kule siwezi kufika."

"Basi umempa Wekesa nusu ya ulingo bure. Ameshaona. Mtazame."

Kweli Wekesa alikuwa ameona. Mtu wa mieleka hukuangalia miguu, hakuangalii uso. Raundi ya pili hakunifukuza tena, alikuja pole pole akisimama katikati, akinisukumia upande wa mama kwa mabega tu bila kunigusa, na kila nikirudi nyuma hatua moja nakumbuka kesi na mbuzi. Juma anaita, "Mbali! Kaa mbali na yeye!" na mimi masikio yangu yanasema ndiyo, mbali, na miguu inakaa mbali na mama. Mwisho nilibaki na mambo mawili, kurudi nyuma kwa mama au kwenda mbele kwa Wekesa, na mimi kwa heshima zangu zote nikaenda mbele.

Alishika tishati kwanza. Akaivuta ikanifunika kichwa, nikawa sioni kitu, kisha akaniinua, na kamba za ukumbi ule zilikuwa za katani, zimelegea, nikapita katikati yake na kuanguka kwenye kitu laini. Mkono mmoja ulikuwa umenishika kichwa kisigonge sementi, na mimi ndani ya tishati nikauliza, "Nani huyu?"

"Ni mama yake Nanjala," sauti ikajibu, taratibu kabisa.

Refa aliniuliza kama naweza kuendelea. Nikasema hapana. Sikuwa nimeumia mahali popote.

Usiku huo sikulala. Niliona nimepoteza pambano, mke na sura, vyote kwa tishati ya kuazima, na Jumamosi wazee walipoenda Malakisi na mbuzi wa faini mimi nilibaki Kwanza napukuchua mahindi ambayo hayakuwa na haraka yoyote. Jioni Barasa akaja mwenyewe kuniletea neno.

"Mama amesema mbuzi ameingia, mambo yamekwisha. Na amesema ati alimsikia kocha wako vizuri sana. Alikuwa anasema ukae mbali na Wekesa. Mama anauliza, kwani yeye mama ndiye alikuwa amepanga kukupiga?"

Nikaokota gunzi lingine nikaendelea kupukuchua.

"Amesema pia mtu aliyekubali kuangushwa kuliko kumkosea heshima, Nanjala anaweza kukaa kwake. Lakini kichwa chako ni kizito."

Nilimwoa Nanjala. Na niliapa, na bado naapa, sitampa mtu yeyote kiti cha mbele kando ya kona yangu, hata awe nani. Baadaye nilirudiana na Wekesa hapo Kitale, na kabla ya kengele Barasa akaja kwenye kona, akainama.

"Mama amekuja. Amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Amesema yeye amekaa mbali, sasa na wewe ukae mbali na huyo."

Nikamwomba basi amwambie ageuke kidogo nivue tishati. Akaenda, akarudi.

"Amekataa. Ati ametoka Malakisi kuja kuona."

Nikavua hivyo hivyo. Siku hiyo nilishinda, kwa mateke, kutoka mbali, Wekesa hakunishika hata nguo, lakini hiyo hakuna mtu Kwanza anayeniambia nimsimulie. Wote wanataka ile ya Bungoma.