Tiki Mbili za Buluu

Neno "kublutiki" nilifundishwa na mpangaji wa chumba cha pili hapa Bongwe, msichana wa bara anayefanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Nilimpelekea simu yangu nikidhani imeharibika. Kila asubuhi nilikuwa namwandikia salamu dada yangu wa Msambweni, naye hajibu hata neno moja. Msichana akaitazama, akacheka kidogo.

"Mathe, simu ni nzima," akasema. "Huyo amekublutiki."

Nikamwambia anieleze hilo neno kwa Kiswahili cha watu. Akaeleza. Tiki moja ya kijivu, ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu, umefika. Zikigeuka buluu, mwenzio ameshausoma. Kabla ya kuletwa hiyo rangi mtu aliweza kusingizia kwamba hakuuona. Siku hizi hana pa kujificha. Ndipo vijana wakalichukua jina la Kiingereza la ile alama, "blue tick", wakalifanya kitendo: nimeblutikiwa, usiniblutiki. Maana yake amekusoma, amekupuuza. Loo! Sisi tuliosoma enzi ambazo tiki ya mwalimu ilikuwa sifa, leo tiki imekuwa tusi. Nikachukua simu yangu nikaingia ndani, wala sikumshukuru.

Iliniuma, nisiseme uongo. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na sauti zao nazisikia sikukuu kwa sikukuu. Katika tuliotoka tumbo moja tumebaki mimi na dada. Kwa vijana kublutikiana ni mzaha, lakini kwetu kuitikia salamu ni faradhi. Hata uliyenuniana naye unamwitikia, kisha mnaendelea kununiana. Asiyekuitikia amekutoa katika watu wake. Basi nikawa nakaa na simu mapajani, chai inapoa, natazama zile tiki zikigeuka rangi. Nilijichunguza nimemkosea nini. Nikamsema vibaya kimoyomoyo, halafu nikamwombea dua. Niliapa sitamwandikia tena, na kulipokucha nikaandika.

Mwisho uvumilivu ukanishinda. Nikajitanda leso yangu, nikaenda Msambweni kifua kimejaa maneno. Nilimkuta jikoni na magoti yake yaliyovimba, ungo mbele yake, anachambua mchicha. Nikampa shikamoo ya mkato, nikakaa, nikamuuliza waziwazi nimemfanyia nini hata salamu zangu asiziitikie.

Alinitazama kama mtu aliyezuliwa jambo. Akaniambia huziitikia kila siku ya Mungu. Simu ikilia huifungua, huisoma salamu yangu, kisha huitikia kwa sauti papo hapo jikoni, waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na jina langu la utotoni hulitaja juu yake. Ndivyo tulivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani: salamu ikikujia kwa barua au kwa mjumbe, unaiitikia kwa mdomo, na faradhi imekwisha. Kuandika kwenye kioo cha simu hajui, wala hakuona kama kuna kitu kilichobaki. Mkwewe, aliyekuwa akifua uani, akasema ni kweli, majirani hudhani mama ana mgeni.

"Mimi nakuitikia," dada akasema. "Kwani wewe hunisikii?"

Hasira zote nilizotoka nazo Bongwe zikaniishia, nikabaki na kile kilichokuwa chini yake. Nilifikiria asubuhi zote hizo, yeye anaongea na jiko lake, mimi nakitazama kioo changu. Machozi yakanitoka mbele ya mkwewe.

"Sikusikii, dada," nikamwambia. "Kule kwangu sisikii sauti ya mtu yeyote."

Aliusukuma ungo kando, akaniambia leo sirudi Bongwe.