Pasta ameomba dakika moja

Leo bwana wangu ameomba kwa dakika moja. Mnaomjua, kaeni chini kwanza. 😂

Huyu ni Pasta ambaye akibariki wali, unakula wali baridi.

Kanisa lilitutuma hapa Durban kuhudumia Wachina, basi tunajifunza Kichina kwa Mama Lin, dukani kwake mjini.

Katikati ya somo, simu yake ikalia, ya video. Mama yake yuko hospitali kule China, anaenda kupasuliwa.

Mama Lin akamgeuzia Pasta simu.
"Muombee. Kwa Kichina, asikie."

Eish! Miezi miwili tumejifunza kukaribisha wageni tu!

Nikamkanyaga mguu, akatae kwa heshima. Yeye huyo, kafumba macho:

"Mungu, karibu. Ingia. Kaa na mama. Usiondoke haraka. Kunywa chai. Asante. Amina."

Nilipofungua macho, bibi kwenye simu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Kwenye taxi nikamuuliza, "Papa, na ile chai?"
"Maneno yaliniishia, mama."

Chekeni, lakini kanisani mnyamaze.

Miaka kumi na nane ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza sikufungua jicho moja kuangalia saa.